Kifumbu cha viza: Wanaijeria na Wasomali wa Marekani

Swali la msomaji: "Maalim, shikamoo. Barazani petu Mkunazini, Unguja, tumegombana wiki nzima. Jirani yetu amekuja kutoka Minnesota kumzika mama yake. Yeye alikwenda kwa bahati nasibu ya viza miaka ya tisini, ana cheti chake cha fomu siksi cha skuli ya Lumumba. Akatwambia kule Wanaijeria ndio madaktari na wauguzi, wana nyumba zao zenye bustani, na Wasomali wamejaa viwandani wanakata bata mzinga na kuishi kwa msaada wa serikali. Mzee mmoja akamalizia: ni malezi tu, Msomali hataki skuli. Mimi nilinyamaza lakini nimeumia, maana dada yangu ameolewa na Msomali huko Columbus, Ohio. Shemegi alitoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, mwaka 2006 akiwa na miaka 22, sasa anaendesha lori. Si mvivu hata kidogo. Je, jirani amesema kweli? Na kama ni kweli, sababu nini?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza mfikishie jirani pole yangu kwa msiba. Pili, yeye hakusema uongo. Aliyeharibu ni huyo mzee, kwa neno lake la "malezi tu".

Takwimu ziko upande wa jirani. Idara ya sensa ya Marekani huwauliza watu kila mwaka wamezaliwa wapi, wamesoma mpaka wapi na kaya yao inaingiza kiasi gani. Kwa miaka mingi sasa, zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima waliozaliwa Nigeria na kuishi kule wana shahada ya chuo kikuu au zaidi. Wamarekani kwa jumla ni kama thuluthi moja. Waliozaliwa Somalia hawafiki mtu mmoja kati ya watano. Mapato ya kaya za Wanaijeria yamekuwa yakipita kidogo yale ya kaya za Marekani kwa jumla. Ya Wasomali yako chini mbali, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010 zaidi ya nusu ya Wasomali wa Minnesota walihesabiwa kuwa chini ya mstari wa umaskini. Pengo lipo, tena kubwa.

Ila huo mstari wa umaskini uangalie vizuri, maana barazani huwa hautajwi. Unapigwa kwa idadi ya vichwa ndani ya nyumba. Mtu akifanya kazi kiwandani akalipwa mshahara wake, na nyumbani yuko na mke tu, hesabu inamweka juu ya mstari. Mshahara ule ule, zamu ile ile ya usiku, kisu kile kile, lakini nyumbani wapo watoto sita na bibi yao, anaandikwa maskini. Wasomali wa Marekani ni jamii changa sana, watoto ni wengi, na vita vimeacha akina mama wengi wanaolea peke yao. Kwa hiyo ukisikia "nusu ni maskini", ndani ya nusu hiyo wamo watoto wa skuli wengi sana ambao hata wangetaka kufanya kazi wasingeruhusiwa. Neno "mvivu" haliwahusu.

Sasa tuingie jikoni. Umemwona mama akikuna nazi na kuikamua kwenye kifumbu. Tui la kwanza linatoka zito, la pili jepesi, chicha inabaki. Mgeni akionjeshwa tui la kwanza peke yake anaweza kuapa kwamba nazi za nyumba ile zote ni mafuta matupu. Viza ni kifumbu. Mnaijeria unayemkuta Houston au Maryland amepita kwenye kifumbu, tena si kimoja.

Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200, na wenye shahada ni sehemu ndogo tu. Basi kwa nini waliofika Marekani wawe wengi wao wasomi? Angalia walivyokwenda. Baada ya vita vya Biafra vilivyokwisha 1970 ikaja neema ya mafuta, na serikali pamoja na wazazi wenye nafasi wakapeleka vijana kusoma vyuo vya Marekani. Nia ilikuwa warudi. Lakini bei ya mafuta ikaanguka, wanajeshi wakapindua mwisho wa 1983, na 1986 naira ikaachiwa ishuke. Mshahara wa daktari wa Lagos ukawa haununui kitu. Waliokuwa wamekwenda kusoma wakabaki, na wenzao waliokwishasoma nyumbani wakawafuata.

Halafu ikaja bahati nasibu ya viza, ile aliyokwendea jirani yenu. Ilianza kutoa viza mwaka wa fedha wa 1995, na tangu mwanzo ilimtaka mtu awe amemaliza sekondari au awe na miaka miwili ya kazi ya ujuzi. Kwa hiyo hata kile tunachokiita bahati kilikuwa na kifumbu chake. Wanaijeria waliingia kwa wingi mpaka wakatolewa kwenye orodha kuanzia bahati nasibu ya 2015, kwa sababu kanuni inasema nchi ikipeleka wahamiaji zaidi ya 50,000 katika miaka mitano haistahiki tena. Na hata asiyekwenda kwa bahati nasibu alihitaji ada ya ubalozi, tiketi na karatasi za benki. Bahari ya Atlantiki huivuki kwa mtumbwi. Maskini wa Kano na mkulima asiyejua kusoma hawakufika, na kwa kuwa hawakufika hawaingii kwenye takwimu, basi takwimu zinang'ara.

Shemegi yako hakupita huko. Tufanye hesabu yake, maana umenipa miaka. Mtu aliyekuwa na miaka 22 mwaka 2006 amezaliwa 1984. Siad Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991, na dola yote ikaanguka naye. Shemegi alikuwa na miaka sita au saba, umri ambao wewe ulikuwa ukivishwa sare kwa mara ya kwanza. Skuli zikafungwa, nyingine zikawa ngome za wanamgambo. Kisomali chenyewe kilikuwa kimepata maandishi rasmi 1972 tu, kwa hiyo hata wazazi wengi walikuwa kizazi cha kwanza kuandika lugha yao. Halafu Dadaab. Kambi zile tatu za mwanzo, Ifo, Hagadera na Dagahaley, zilijengwa kwa watu 90,000. Kufikia 2011 zilikuwa na zaidi ya 450,000. Mkimbizi alikuwa haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, wala kuajiriwa nje. Mtu anakulia pale, anabalehe pale, anaoa pale, akisubiri jina lake libandikwe ubaoni.

Na jina hilo linabandikwa kwa kigezo gani? Hapa ndipo kifumbu kinapogeuzwa. Mpango wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu hauulizi una cheti gani. Unauliza nani yuko hatarini zaidi: mjane, yatima, aliyeteswa, mgonjwa asiyeweza kutibiwa kambini. Ni haki iwe hivyo, na mimi nisingependa kigezo kingine. Lakini ukichagua watu kwa madhila yao, kisha miaka kumi baadaye ukawapanga mstari mmoja na watu waliochaguliwa kwa vyeti vyao, ukasema tazama huyu kamzidi yule, unaupima mlango walioingilia. Malezi yao hujayagusa.

Akifika, mkimbizi huyo alikuwa akipewa msaada wa miezi michache, na mkazo wote ulikuwa apate kazi haraka, kazi yoyote. Tiketi ya ndege iliyomleta ilikuwa mkopo. Haukuwa na riba, lakini deni ni deni, na malipo yalianza kabla mwaka haujaisha. Kijana wa miaka 22 umri wa skuli za bure umeshampita, Kiingereza hana, nyuma Dadaab kuna mama na wadogo wanaongoja hawala. Miji midogo ya Minnesota kama Willmar na St. Cloud ina viwanda vya kuku, bata mzinga na nyama ambavyo havihitaji lugha nyingi. Unaingia, unapewa aproni, glavu na buti za mpira, unasimama masaa manane kwenye baridi ukirudia mkato mmoja. Jirani yenu ameviona viwanda hivyo, nami simbishii. Ninachombishia yule mzee ni kwamba mtu anayekubali kazi ile kwa miaka, na bado kila mwezi anatuma hawala, umwite asiyependa taabu.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu barza yenu iko Mkunazini. Kati ya hao wanaoandikwa "Wasomali" kule Marekani, kiasi cha 12,000 na zaidi waliopelekwa kuanzia 2003 ni wale wanaoitwa Wasomali Bantu. Babu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka bara letu hili, Wazigua, Wamakua, Wayao na wengine, wakasafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia kulima mashamba ya mto Juba na Shabelle. Wengi walipitia soko la watumwa la Unguja, na soko hilo lilikuwa hapo hapo Mkunazini, palipojengwa kanisa la Anglikana baada ya soko kufungwa 1873. Mnapokunywa kahawa mkimcheka Msomali wa Lewiston, Maine, huenda mnamcheka mjukuu wa mtu aliyesimamishwa kuuzwa hatua chache kutoka kwenye birika lenu. Baadhi yao mpaka leo wanazungumza Kizigua. Somalia walikuwa wananyimwa ardhi nzuri, skuli na kazi za serikali hata kabla ya vita, na vita vilipokuja hawakuwa na ukoo wa kuwakinga. Wenzao waliokimbilia kwetu waliwekwa Chogo, Handeni, na Tanzania ikawapa uraia wengi wao. Ninachotaka kukwambia ni kwamba hata ndani ya neno "Wasomali" mna watu wa kuanzia ngazi mbalimbali, yupo mtoto wa waziri wa Mogadishu aliyetoroka 1991 na diploma yake, na yupo mjukuu wa mtumwa ambaye hajapata kuingia darasani. Takwimu inawachanganya wote kwenye sufuria moja.

Mzee atasema: haya, milango tumekubali, lakini malezi nayo yapo. Sawa. Basi tumjaribu kwa njia rahisi: tuchukue watu wale wale tuwapitishe mlango mwingine, tuone.

Wasomali wa Nairobi. Walikimbia vita ile ile, wengine ni ndugu wa damu wa hao wa Minnesota. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Eastleigh kulikuwa na nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge. Wakimbizi walipanga vyumba, usiku wanalala, mchana wanafungua mlango na kupanga bidhaa kitandani, vitambaa, marashi, redio zilizotoka Dubai. Vyumba vikageuka maduka, nyumba ya wageni ikageuka soko, na mtaa mzima ukafuata. Leo mfanyabiashara wa Darajani anayetaka jora la kitambaa kwa bei ya jumla anajua basi la kupanda. Kwa nini pale waliweza? Walikuwa karibu na nyumbani, Wasomali raia wa Kenya walikuwepo kuwashika mkono, Kiswahili kilishikika, hawala ilileta mtaji, na biashara haikuuliza cheti cha sekondari.

Na Wanaijeria wa Castel Volturno, mji wa pwani karibu na Napoli huko Italia? Hao walipita jangwani, wakavuka Libya, wakapanda boti. Wanaume wanavuna nyanya kwa ujira wa siku bila karatasi. Wanawake wengi walitolewa Benin City, mji wa Nigeria, na madalali, wakabebeshwa deni ambalo wanalilipa kwa njia ambazo sitaziandika hapa. Taifa ni lile lile, vyakula vile vile, wazazi waliowaambia someni mwanangu ni wale wale. Malezi yamekwenda wapi? Kifumbu ndicho kilichokosekana.

Hata sisi tumo. Miaka kadhaa iliyopita nilishuka uwanja wa ndege wa hapa Unguja kutoka Muscat, na mbele yangu foleni ya pasi kulikuwa na wanawake wawili, wote Kiswahili chao cha hapa hapa. Mmoja mtu mzima, abaya ya thamani, bangili mkono mzima, akieleza kwa sauti jinsi alivyostaafu ualimu na pensheni anavyoipata. Huyo ni wa wale waliokwenda baada ya Mapinduzi ya 1964, wakakuta Sultani Qaboos wa Oman aliyeshika nchi 1970 anatafuta kwa tochi watu wanaojua kusoma, kuandika na Kiingereza, tena akawapa uraia kwa asili yao. Wa pili binti wa Micheweni, begi limefungwa kamba, ametoka kufanya kazi za nyumba miaka miwili kwa mkataba wa wakala. Akaniambia pasi yake aliishika tajiri wake mpaka siku ya safari. Ndege moja, Zanzibar moja, pengine hata ukoo mmoja ukichimba. Nani atathubutu kusimama pale akasema tofauti yao ni malezi?

Sitaki lakini nikupe hoja iliyonyooka kama uzi, ukaenda kupigwa nayo barazani. Mlango haumalizi kila kitu. Mnaijeria aliyefika na shahada yake hakukaribishwa kwa zulia. Daktari anarudia mitihani na kuanza tena mafunzo ya spitali chini ya vijana wadogo kwake. Muuguzi anakaa mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX. Wapo wenye shahada wanaolea wazee usiku kwa malipo ya saa, na ukilinganisha shahada kwa shahada, Mwafrika mara nyingi analipwa chini ya Mmarekani mweupe. Wakivumilia mpaka wakafika, sifa ni yao. Kwa upande wa Wasomali nako kuna mambo ya ndani. Wengi wanaogopa riba, na mkopo wa nyumba wa kawaida kule ni riba tupu, kwa hiyo familia inalipa kodi ya pango miaka ishirini wakati jirani yake anajenga mali ukutani. Wewe Muislamu utalielewa hilo bila maelezo. Wana ayuuto, mchezo wa kupokezana pesa kama tunavyocheza sisi, na Wanaijeria wana esusu yao. Ayuuto inafungua duka ndani ya soko la Karmel Minneapolis, ila nyumba hainunui kirahisi. Na hawala ya kila mwezi kwa ndugu waliobaki ni mzigo mzito kwa mshahara mdogo. Haya ni ya kweli, tena muhimu, lakini yanakuja baada ya mlango.

Dawa ya fitina hii yote ni kulinganisha watoto badala ya wazazi. Mtoto aliyezaliwa kule au aliyefika mdogo ameingia darasa la kwanza na wenzake. Ilhan Omar, unayemsikia kwenye Bunge la Marekani, alizaliwa Mogadishu 1982, akakaa miaka minne kambi ya Utange, hapo Mombasa tu, akafika Marekani 1995 akiwa bado wa umri wa skuli. Alichaguliwa 2018. Simtumii kama kipimo, mmoja si hesabu. Nataka umpange na shemegi yako: wamezaliwa miaka miwili mbali, vita ile ile, kambi za nchi ile ile. Mmoja alifika na miaka kumi na kitu, mwingine na ishirini na mbili. Miaka hiyo kumi ndiyo skuli yote.

Kuhusu lori, usilidharau wala usikubali lidharauliwe. Leseni ya lori kubwa ni moja ya njia chache Marekani ambapo mtu asiye na diploma anapanda kutoka mshahara wa kiwandani bila kurudi darasani miaka minne, na Wasomali wa Ohio na Minnesota wameliona hilo mapema. Muulize shemegi jambo moja: lori ni lake au la kampuni? Kama ni la kampuni, je, kuna mpango wa kulinunua kwa ushirika na wenzake pasipo riba? Hapo ndipo kaya yake itakapotoka upande mmoja wa mstari kwenda mwingine. Na dada yako, kama ana cheti chochote cha hapa, akitafsirishe na kukithibitisha sasa, watoto wakiwa bado wadogo. Vyuo vya jamii vya kule vinafundisha uuguzi kwa miaka miwili, na mishahara miwili ndani ya nyumba moja ndiyo siri kubwa ya hizo bustani za Wanaijeria.

Jirani yenu hakuna haja ya kumgombeza, ana msiba. Lakini arobaini ikipita na kahawa ikirudi, muulize kwa upole: lau Lumumba ingefungwa yeye akiwa darasa la pili, ile fomu ya bahati nasibu, pale panapoulizwa elimu, angeandika nini?